Sauti ya Jumamosi

Uwase alijua mambo yameharibika pale Griffins alipofumba macho kukiombea chakula.

Hadi hapo kila kitu kilikuwa kimekwenda vizuri kuliko alivyothubutu kuota. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mwaka ule wa 2016. Ibada ilikuwa imekwisha, na nyumba yao ya Inver Grove Heights, kule ughaibuni, ilinukia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa kukaanga. Griffins alikuwa amefika na suti ya kijivu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akampa baba yake Uwase mkono huku ameinama kidogo, kama mtu anayejua yuko mbele ya nani. Mama yake, Nyiraneza, ambaye wiki nzima alikuwa akiuliza, "Huyo Mkenya wako anakula nini, ma fille, binti yangu?", alikuwa amemkagua kutoka soksi hadi utosini, kisha akamfuata Uwase jikoni na kumnong'oneza: "Ni mtu. Ana macho ya mtu aliyelelewa."

Uwase alikuwa amemwomba Mungu kitu kimoja tu: Griffins asiongee sana.

"Jibu kwa ufupi," alikuwa amemwambia kwenye simu asubuhi ile. "Sema ndiyo, Mama. Aksanti, Mama. Usiguse siasa."

"Na nikiulizwa kazi?"

"Wewe ni mfamasia, Burnsville. Si uongo."

Haukuwa uongo. Ila haukuwa ukweli wote pia, na hilo ndilo lililomnyima Uwase usingizi.

Wakaketi. Baba yake, Papa Rigobert, mwalimu wa zamani wa kule Uvira, akatazama sahani zinazofuka moshi, akatabasamu na kusema lile ambalo Uwase hakuwa amelifikiria kabisa.

"Kijana, tuombee."

Griffins akafumba macho.

"Baba wa yatima, mtetezi wa wajane," akaanza, kwa ile sauti yake nzito, tulivu, inayotembea polepole kama mtu asiye na haraka ya kufika, "tumekuja tena mbele zako..."

Kijiko kikalia dhidi ya sahani. Uwase akafumbua jicho moja. Mama yake hakuwa amefumba macho. Alikuwa amemkodolea Griffins kama mtu aliyemwona marehemu akiingia kanisani.

Ameitambua sauti, Uwase alijisemea.

Na angekosaje kuitambua? Kila Jumamosi asubuhi Mama Nyiraneza aliegemeza simu yake kwenye dirisha la jikoni na kufungua redio ya mtandaoni ya kanisa la Wakenya kule Burnsville. Nyimbo zilipita, matangazo ya misiba na harusi yakapita, kisha akaja mtoa maoni aliyejiita Mwana wa Philister. Alianza daima kwa maneno yale yale: Baba wa yatima, mtetezi wa wajane. Na tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akizungumzia jambo moja tu, kampeni za urais, naye akiwa upande wa wahafidhina waziwazi, bila kuona haya. Alisema mtoto aliye tumboni ni mtoto. Alisema serikali haijawahi kumlea mtu, watu hulelewa na mama zao. Alisema kanisa lisipangiwe la kuhubiri. Na alisema nchi ni kama nyumba, na nyumba isiyo na mlango si nyumba, ni kiwanja.

Mama Nyiraneza alimsikiliza kisu kikiwa mkononi, na alimjibu neno kwa neno. "Hapo umesema kweli!" aliliambia dirisha. Lakini yalipofika mambo ya mlango na wakimbizi, vitunguu ndivyo vilivyokiona cha moto. "Mwongo huyu! Nani alimfundisha?" Hata hivyo hakukosa hata Jumamosi moja. Uwase alipomuuliza kwa nini anajitesa, mama yake alisema, "Anajua Kiswahili, yule. Na siku moja nitamwambia uso kwa uso."

Uwase mwenyewe aliisikia sauti hiyo uso kwa uso mwezi wa tatu, katika nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi. Mfamasia alikuwa amekuja kuwaeleza wauguzi wasaidizi habari za dawa mpya. Bibi mmoja wa Kizungu akajikwaa, na yule mfamasia, kabla hajakumbuka Kiingereza, akasema, "Pole, Mama, pole sana," akamshika kiwiko kama anashika yai. Uwase akaganda na trei mkononi. Ni yeye. Alitaka kumchukia. Akamtafutia sababu za kumchukia mwezi mzima, na kila mara alipomtafuta kwa ajili ya kumchukia, alimkuta amepiga magoti akizungumza na mzee fulani kwenye kiti cha magurudumu.

"Amina," alisema Griffins.

"Amina," alisema Papa Rigobert.

Mama Nyiraneza hakusema amina. Alikunja kitambaa chake taratibu, akakiweka kando ya sahani.

"Monsieur Griffins. Mama yako anaitwa nani?"

Griffins akamtazama Uwase. Yalikuwa macho ya kuomba msamaha kabla ya kosa, na Uwase aliona ndani yake kwamba mtu huyu hatasema uongo, hata kwa ajili yake. Alimpenda kwa hilo, na alitamani ardhi ipasuke.

"Anaitwa Philister, Mama. Yuko Siaya."

"Voilà! Ni yeye!" Mama Nyiraneza akageuka kwa binti yake. "Wewe ulijua?"

"Mama..."

"Ulijua, ukamleta ale sombe yangu?"

"Nilitaka umjue kwanza. Umjue yeye, kabla ya maneno yake."

"Mtu ni maneno yake!" Akamgeukia Griffins tena. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jana redioni ulisema watu wafuate foleni. Si ulisema hivyo?"

"Nilisema, Mama."

"Kwa nini?"

Griffins aliweka mikono yake juu ya meza ambapo kila mtu angeiona. "Kwa sababu nilifuata foleni mimi mwenyewe. Mama yangu aliuza dagaa mpaka nikasoma. Hakuna aliyetupa kitu. Nilinyimwa viza, nikarudi, nikanyimwa tena. Nikiona watu wakifanya mzaha na sheria, naumia. Sisemi kwa chuki, Mama. Nasema kwa sababu naipenda hii nchi. Imenipa kila kitu."

"Na sisi haikutupa?" Mama Nyiraneza akamnyooshea Uwase kidole. "Kijana, unamwona huyu unayemtaka? Amekulia kwenye foleni. Alijifunza kusoma kwenye foleni, Nyarugusu, kambini. Tuliulizwa maswali mpaka nikasahau mwaka wangu wa kuzaliwa. Dada yake, Héritière, yuko kule hata leo, na watoto wake wawili, kwa kuwa aliolewa na faili lake likatengwa na letu. Anangoja. Hajaruka mtu. Hajavunja kitu. Na huyo mgombea wako anasema afungiwe mlango. Na wewe, kwa hiyo sauti nzuri aliyokupa Mungu, unasema amina!"

Hakuna aliyegusa chakula. Uwase alihisi machozi yakimjaa lakini hakuthubutu kuyafuta.

"Hawatutaki, Rigobert," Mama alimwambia mumewe. "Watu wa upande wake hawatutaki. Na binti yako anataka kuolewa nao."

Papa Rigobert alikuwa akitazama chumvi.

"Marlys ameweka bango," alisema.

"Bango gani?"

"La mgombea wa huyu kijana. Mbele ya nyumba, karibu na yale maua. Nililiona Jumanne."

Marlys, yule mama wa Kizungu wa kanisa la mji wa Plymouth, ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege Januari ile walipofika kutoka kambini, akiwa na makoti ya familia nzima mikononi hata uso wake hauonekani. Ndiye aliyemshika Nyiraneza mkono na kumfundisha kutembea juu ya barafu: hatua fupi, magoti yamelegea, kama bata. Ndiye aliyekaa naye hospitalini alipofanyiwa upasuaji, na Rigobert yuko kazini. Watoto wao walimwita bibi.

"Unadanganya," Mama Nyiraneza alisema kwa sauti ndogo.

"Sijakudanganya tangu nikuoe."

Mama akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango.

*

Uwase alimsindikiza Griffins hadi kwenye gari. Jua la alasiri lilikuwa bado lina joto, na majani ya mti wa jirani yalikuwa yamelala njia nzima, mekundu, yakilia chini ya viatu vyao. Walisimama bila kugusana, kwa sababu madirisha yana macho.

"Nitaacha kipindi," alisema Griffins.

"Sikukuomba."

"Najua. Najitolea. Nikipima kipindi na wewe, Uwase, sihitaji hata mizani."

Maneno hayo yalimwingia mpaka kwenye uti wa mgongo. Angeweza kuyapokea, akaenda nayo ndani, akamwonyesha mama yake kama mtu aliyeshinda. Badala yake alitikisa kichwa.

"Ukinyamaza kwa ajili yangu, siku moja utaniangalia mezani na kuniona mimi ndiye kufuli. Sitaki mume aliyefungwa mdomo. Baba yangu alinyamazishwa na watu wenye bunduki. Mimi sitaki kufanya kazi yao."

"Basi unataka nini?"

"Sijui." Sasa alilia kweli. "Nataka Héritière aje. Nataka wewe. Nataka mama yangu asinitazame vile tena. Nataka vyote, Griffins, na sijui vinaenea wapi."

Griffins akautoa mkono mfukoni, akausogeza, akaurudisha. Akamtazama tu. Lilikuwa tazamo refu, la mtu anayekariri sura kwa kuhofia kwamba hatapewa tena nafasi.

"Sijawahi kumsikiliza mtu aliyesubiri vile," alisema mwishowe. "Nimekuwa niki-talk, niki-talk, niki-talk. Si mama yako ndiye wa kwanza kunijibu? Mwambie... mwambie ahsante."

"Aksanti ya nini? Amekufukuza."

"Hakunifukuza. Aliniambia jina la dada yako."

Akaingia garini. Uwase alibaki amesimama juu ya majani mpaka gari likakata kona, na hata baada ya hapo.

*

Wiki ile mama yake hakuzungumza habari hiyo tena. Alipika, akaenda kazini, akarudi. Siku moja alimwomba Rigobert ampeleke Plymouth, na walikaa huko mpaka jioni. Aliporudi macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa akiimba chinichini. Uwase hakuthubutu kuuliza. Griffins naye alimwandikia ujumbe mmoja tu: *Nivumilie mpaka Jumamosi.* Aliusoma mara nyingi, kila mara akiuelewa vingine: mara ni ujumbe wa kuagana, mara si wa kuagana.

Jumamosi, siku chache kabla ya uchaguzi, Uwase alikuwa zamu. Alipopata mapumziko yake alikwenda kukaa ndani ya gari, akapandisha vioo, akafungua redio kwenye simu.

"Baba wa yatima, mtetezi wa wajane," ilisema ile sauti, na moyo wake ukafanya kama unavyofanya siku zote. "Wapendwa, mmezoea nikiwapa maoni. Leo sina maoni. Nina mgeni. Alinipigia simu mwenyewe akaniwekea masharti mawili: nisimkatize, na nisimwambie binti yake. Karibu, Mama."

"Aksanti. Mnanisikia? Niongee hapa?"

Uwase akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mie naitwa Nyiraneza, bibi ya Rigobert. Ile neno watu wanaongea kwenye televisheni, réfugié, mkimbizi, ndiyo mimi. Nilikuja kumgombeza huyu kijana, na nitamgombeza. Lakini wazazi wangu walinifundisha kuanza na shukrani. Kwa hiyo nangoja kidogo."

Kilisikika kicheko kidogo cha Griffins.

"Kuna mama hapa, anaitwa Marlys. Alitupatia makoti siku ya kwanza. Nikasikia ameweka bango ya ule mgombea. Nikaenda kwake. Nikamwambia, Marlys, mimi ni mmoja wa wale wanaosemwa wafungiwe mlango. Unanipenda namna gani na hilo bango? Yeye akasema anapigia kura watoto wasiozaliwa, na kijana wake aliyepoteza kazi ya kiwanda, na Biblia yake. Nikasema, na Héritière wangu? Hapo akalia. Akasema, Nyiraneza, siku Héritière akishuka kwenye ndege, ashinde nani asishinde, mimi nitakuwa pale na koti. Mie sikumwelewa. Hata leo sijaelewa. Lakini nilikumbuka kitu. Ile Januari sikujua Kiingereza. Sikuwahi kumwambia merci, aksanti, kama inavyopaswa. Miaka yote hiyo tunakula kwake, nacheka, natikisa kichwa, lakini ile neno yenyewe haijatoka. Basi nikamwambia siku ile. Nikamwambia yote: koti, barafu, hospitali. Tulilia wote wawili kama watoto, na bango liko pale nje."

Uwase alikuwa akilia pia, paji la uso limeegemea usukani.

"Kule kwetu," mama yake aliendelea, "kwa sababu ya kura watu walichomeana nyumba. Hapa Marlys ana bango lake, jirani yake ana lingine, na mashine ya kukata nyasi wanaazimana. Kwa hilo namshukuru Mungu. Nimemaliza kushukuru. Sasa wewe."

"Niko hapa, Mama," alisema Griffins.

"Ulisema nyumba isiyo na mlango ni kiwanja."

"Nilisema. Na Mama, sitakudanganya, bado naamini nyumba lazima iwe na mlango."

"Na mie ninaamini. Nilikuwa nje yake. Mlango naujua kuliko wewe."

Uwase akaongeza sauti ya simu.

"Ni kweli," ilisema ile sauti hatimaye, na safari hii haikuwa tulivu. "Ni kweli, Mama. Kura yangu siku ya Jumanne iko palepale, na wasikilizaji wangu wengi najua yao iko palepale. Lakini sitazungumza tena juu ya mlango kama vile nje hakuna mtu. Na kuanzia leo, ashinde atakayeshinda, kipindi hiki hakitafungwa bila kumtaja Héritière na watoto wake kwa jina mbele za Mungu. Mpaka afike."

"Tutaona," alisema Mama Nyiraneza. "Nasikilizaga kila Jumamosi. Ukisahau nitajua."

Wimbo ukawekwa. Kabla haujafika kiitikio, simu ya Uwase ikaita.

"Umesikia?" mama yake aliuliza.

"Nimesikia, Mama."

"Sasa unalia nini?"

"Aksanti, Mama. Aksanti sana."

"Usinishukuru. Bado nina maswali. Awalete wazee wake, waje kwa heshima, tuzungumze kama watu. Sikusema ndiyo, nimesema waje." Akashusha sauti. "Lakini ongea naye kwanza, ma fille. Amekaa hapa studio anafuta macho, baba yako anampigapiga mgongoni, na mie sijui kubembeleza mtoto wa Philister."

Simu ikabadilisha mikono. Uwase alisikia pumzi, kisha sauti ile aliyoipenda kabla hajampenda mwenye nayo.

"Uwase?"

"Nipo."

"Jumanne unapiga kura?"

"Ya kwanza maishani mwangu," alisema. "Sijawahi kupiga kura katika nchi yoyote. Na nitapiga kinyume chako."

"Najua. Kura zetu zitafutana."

Nje, muuguzi mwenzake alikuwa amesimama kwenye mlango wa wafanyakazi, akimpungia mkono kwamba muda umekwisha. Uwase akafuta uso kwa kiganja, akafungua mlango wa gari, na hewa ya Novemba ikamwingia kifuani ikiwa safi kuliko alivyowahi kuivuta.

"Zifutane," alisema. "Sisi tusifutane."

Griffins alicheka, huku bado analia, na nyuma yake Uwase akamsikia mama yake akiuliza kwa sauti kubwa, redio nzima isikie kama ingekuwa bado hewani, "Amesema nini? Amesema nini?"